Swali la Kiti cha Baba

Wanafunzi wa chuo cha uuguzi walimwita Bi Kimya, na jina hilo alilipata kwa jasho lake. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mkutubi wa maktaba ya chuo, ghorofa ya pili juu ya maabara, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kupaza sauti. Mtu akicheka kwenye meza za kusomea, alisimama tu kando yake, mikono nyuma, mpaka kicheko kimfie mwenyewe mdomoni. Kazi yake kubwa haikuwa vitabu tena. Vitabu vilikuwa vinazeeka kwenye rafu. Kazi yake ilikuwa kompyuta ya pembeni, ile iliyounganishwa na kanzidata ya tafiti za tiba, ghala la mtandaoni lenye mamilioni ya makala kutoka kila pembe ya dunia. Daktari akitaka kujua kama dawa fulani inamfaa mjamzito, mwalimu akitaka ushahidi wa namna bora ya kufunga kidonda, walimletea swali kwenye kipande cha karatasi. Naye alilivunjavunja swali hilo, akalitafutia maneno, na baada ya saa moja au siku mbili akawarudishia kurasa tatu nne zenye jibu, au zenye kusema kwamba jibu bado halijulikani. Hilo la pili wengi hawakulipenda.

Kwao alikuwa kitindamimba, na baba yake alimwita Kitinda hata sasa, akiwa na miaka hamsini na mmoja na miwani ya kuning'iniza shingoni.

Jumanne moja, saa nne asubuhi, Dada alimpigia simu. Dada alimzidi kwa miaka tisa. Alikuwa mjane, fundi wa kushona sare za shule, na ndiye aliyeishi na baba yao katika nyumba ya zamani ya familia. Hakuwa mtu wa kupiga simu saa za kazi.

"Mdogo wangu, Baba ameanguka tena."

"Ameumia?"

"Mkono umechubuka, na hapa juu ya jicho pamevimba. Hii ni mara ya sita tangu mwezi uliopita uanze. Mgongo wangu umechoka kumwokota."

"Umempeleka hospitali?"

"Nimemsafisha, anakunywa chai. Sasa nisikilize. Kuna kiti nimekiona dukani, kina magurudumu na mikanda miwili, mmoja wa kiunoni na mmoja wa kifuani. Ukishamkalisha pale anatulia, haendi popote. Lakini vipo vya aina mbili. Wewe si una mashine yenye majibu yote? Iulize ni kiti kipi kinachomzuia mzee asianguke."

Bi Kimya alichukua kalamu akaliandika swali kama lilivyosemwa, neno kwa neno, kama alivyozoea kufanya na madaktari. "Nipe mpaka kesho," akasema.

Akaanza papo hapo. Kanzidata ile haikujua Kiswahili, na wala haikuelewa maswali ya kibinadamu. Ilitaka maneno makavu ya Kiingereza, yaliyopangwa kwa mabano na viunganishi. Aliandika neno la wazee, akaliunganisha na neno la kuanguka, kisha kiti, kisha mkanda. Zikaja makala elfu moja na ushee. Akachuja: akaondoa zilizokuwa maoni ya mtu mmoja, akaondoa matangazo yaliyovaa joho la utafiti, akabakiza zile zilizokusanya tafiti nyingi na kuzipima kwa pamoja. Zikabaki kumi na saba. Akasoma mihtasari yake, na tano akazisoma zote mpaka kwenye majedwali.

Hakuna hata moja iliyosema kiti kipi. Zilisema jambo jingine, kila moja kwa maneno yake. Mzee anayefungwa mikanda hapungukiwi na majeraha makubwa. Mara nyingine huumia zaidi, kwa kuwa hujaribu kujinasua. Miguu ikikosa kazi hupoteza nguvu, na siku atakayofunguliwa ataanguka vibaya kuliko jana. Bi Kimya aliitazama karatasi yenye swali la dada yake kwa muda. Madaktari nao walikuwa hivyo. Walimjia wakiwa wameshachagua jibu, wakataka awatafutie tu makala ya kulitilia saini.

Akalifuta swali, akaandika jingine chini yake: kwa nini mzee huyu anaanguka?

Kwa swali hilo ghala lilifunguka. Macho, viatu, mazulia, giza la ukumbini. Mazoezi ya miguu na ya kusimama imara. Hapo tafiti zilikuwa zaidi ya mia, na zilikubaliana kwamba waliofanya mazoezi walipungukiwa na kuanguka kwa karibu robo. Na dawa. Karibu kila makala ilirudi kwenye dawa, hasa za usingizi na za kutuliza, na ilimtaka msomaji afungue mfuko mzima wa dawa za mgonjwa na kuuliza kila kidonge kinafanya nini humo.

Akampigia Dada. "Baba anakunywa dawa gani?"

"Ile ile ya presha. Kimoja asubuhi."

"Hakuna nyingine?"

"Unanihoji au unanitafutia kiti?" Dada akauliza, kisha akasema ana mteja mlangoni.

Jumatano alasiri Bi Kimya aliomba ruhusa akaenda nyumbani kwao. Aliingia kupitia uani, akakuta nguo za sare zimeanikwa kwenye kamba, kola zote zikiwa zimegeuzwa juu. Ndani cherehani ilikuwa imenyamaza. Baba yao alikuwa amelala kwenye kochi, kidevu kifuani, saa kumi ya mchana.

Mzee huyo alikuwa mpima ardhi. Kwa miaka thelathini na sita alitembea mashambani na milimani na vigingi na mnyororo wake wa kupimia, na hata baada ya kustaafu hakuacha kupima: alijua kutoka mlangoni hadi chooni ni hatua kumi na moja, kutoka chooni hadi geti ni ishirini na nane. Alikuwa na miaka themanini na miwili. Binti yake mdogo alipomgusa bega alifumbua macho polepole, kama mtu anayepanda kutoka kisimani.

"Kitinda," akasema. Ulimi ulikuwa mzito. "Leo Jumapili?"

"Jumatano, Baba."

"Basi umekosea siku."

Hilo lilimchoma, ingawa hakulionyesha. Yeye alikuja Jumapili kwa Jumapili, saa nane hadi saa kumi na moja, na mfuko wa matunda. Miaka minne tangu mama yao afariki ratiba hiyo haikuwa imebadilika, na mpaka siku ile aliiona kuwa ni ratiba nzuri.

Akamfuata Dada chumba cha kushonea. Akamweleza habari za kiti, kwa ufupi, bila makeke, kama alivyowaeleza madaktari. Dada alimsikiliza huku akikata uzi kwa meno.

"Kwa hiyo mashine yako haina kiti."

"Haina. Inauliza kuhusu dawa. Dada, Baba amelala saa kumi ya mchana na ulimi hauinuki. Hiyo siyo presha."

Dada alichukua suruali ndogo ya mtoto wa shule. Akaikunja, akaikunjua, akaikunja tena. Halafu akavuta droo ya cherehani, ile ya mabobini ya nyuzi na vifungo, akatoa pakiti tatu za vidonge, zenye karatasi ya fedha, na kuziweka juu ya meza.

Bi Kimya alivaa miwani. Jina la dawa alilijua vizuri. Alikuwa amelisoma jana mara zisizopungua kumi.

"Nilipewa mimi," Dada akasema. "Marehemu shemeji yako alipoondoka. Vya wiki mbili, nipate usingizi. Vikabaki. Halafu Baba akaanza kuamka usiku. Anavaa kofia, anatafuta mnyororo wake, anasema kuna shamba halijapimwa na wenyewe wanagombana. Mara ya kwanza nilimkuta getini. Mara ya pili nilimkuta barabara kuu, mdogo wangu, amesimama katikati, anahesabu hatua, na malori yanampigia honi. Nikampa nusu kidonge. Akalala, na mimi nikalala. Sikuwa nimelala miezi miwili. Vilipokwisha nikaenda duka la dawa, hawakuniuliza cheti."

"Sasa unampa kiasi gani?"

"Kimoja na nusu. Vinazoeleka."

"Tangu lini?"

"Miezi saba."

Bi Kimya alipiga hesabu. Miezi saba ilikuwa kama Jumapili thelathini, na zote alikuwa ameketi mita nne kutoka kwenye ile droo, akimenya machungwa.

"Niambie basi kwamba mimi ndiye ninayemwangusha," Dada akasema. "Useme tu, usilizungukie."

"Vidonge ndivyo vinavyomwangusha."

"Na vidonge vina miguu?"

"Ningekuwa mimi peke yangu humu ndani, ningempa pia," Bi Kimya akasema. Alilitamka kwa sauti ile ile ya kawaida, lakini Dada aliinua macho, akamtazama kwa muda mrefu, kisha akazirudisha pakiti mbili kwenye droo na kumkabidhi moja.

Alhamisi alirudi kwenye kompyuta. Safari hii alitafuta namna ya kumwachisha mzee dawa za usingizi. Ushahidi ulikuwa mwembamba kuliko alivyotarajia. Kulikuwa na miongozo ya kutosha, na yote ilionya dhidi ya kuacha ghafla: mwili uliozoea unaweza kushtuka, mtu akatetemeka, akachanganyikiwa, hata akapata degedege. Kipimo kipunguzwe kidogo kidogo, kwa wiki nyingi, chini ya macho ya daktari. Na kulikuwa na jaribio moja la zamani, la watu wasiofika mia. Walioachishwa vidonge walianguka mara chache sana kuliko wenzao. Alikuwa karibu kufurahi, lakini alikuwa na tabia ya kusoma mpaka mwisho, na mwishoni, kwenye aya ambayo watu huiruka, waliandika kwamba jaribio lilipokwisha, katika muda mfupi wengi wa walioachishwa walivirudia.

Makala haikueleza kwa nini. Bi Kimya alifikiri anajua. Katika nyumba ya kila mmoja wao alikuwepo mtu mwingine aliyetaka kulala.

Akachapisha kurasa sita, akazibana kwa pini.

Daktari wa kliniki ya wazee alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, aliyeanzia uuguzi pale pale chuoni kabla ya kwenda kusomea udaktari. Jumatatu walipoingia wote watatu, Baba katikati, alimtazama mkutubi akasema, "Bi Kimya, uliwahi kuninyamazisha maktaba nilipocheka."

"Mara mbili," Bi Kimya akasema.

Daktari akaisoma pakiti ya vidonge, akasoma kadi ya kliniki, akamtaka mzee asimame bila kushika kiti. Mzee alisimama, akayumba, akaketi. Dada ndiye aliyeeleza mambo ya vidonge, mwenyewe, bila kuacha neno. Daktari hakumkemea. Aliandika kipimo cha kila siku na tarehe kilipoanza, akauliza usiku huwa wanaamka mara ngapi, akauliza na yeye Dada analala saa ngapi. Dada alisema hajui. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

Kisha daktari akazisoma kurasa za Bi Kimya, akapiga mstari chini ya sentensi mbili tatu. "Tutapunguza robo ya kidonge kila wiki mbili," akasema. "Ikimsumbua tunasimama hapo hapo, haturudi juu. Akitetemeka au akichanganyikiwa kuliko kawaida, mnamleta siku hiyo hiyo. Na mazoezi ya miguu, kila siku, akiwa ameshika sinki la jikoni. Hili la kuamka usiku na kutafuta shamba tutalichunguza. Naona kama kuna kusahau kunakoanza, sitawaficha. Hilo mazoezi hayataliondoa."

Baba yao, ambaye muda wote huo alionekana kama amesinzia, akanyoosha mkono. "Hebu hizo karatasi."

Akapewa. Akazisogeza mbali na macho, akazisogeza karibu. "Hawa waliopimwa walikuwa wangapi?"

"Hawafiki mia, Baba," Bi Kimya akasema.

"Wenye umri gani?"

"Sabini na kitu, wengi wao."

"Mimi nina themanini na mbili. Kwa hiyo ramani hii inaishia kabla ya kufika kwangu." Akazirudisha. "Lakini ndiyo ramani iliyopo."

Daktari alicheka. Bi Kimya alifikiri kwamba katika miaka kumi na tisa hakuna daktari aliyeisoma makala vizuri kuliko hivyo.

Nje, kwenye benchi la kusubiria dawa, Dada alizungumza huku akitazama mbele. "Wiki kumi na mbili. Kufika mwezi wa pili atakuwa anaamka kama zamani. Karatasi zako zinasema nani atakaa macho?"

"Hazisemi."

"Nilidhani hivyo."

"Jumatatu, Jumatano na Ijumaa nitalala kwenu," Bi Kimya akasema. "Wewe utakwenda kulala kwangu. Kitanda kipo, ufunguo huu hapa. Chumba changu hakina cherehani, kwa hiyo hutakuwa na la kufanya."

Dada aliuangalia ufunguo kana kwamba ni kitu cha kushona asichokuwa na kipimo chake. "Na kazi yako?"

"Wakinikuta nimesinzia pale maktaba, nani ataniamsha? Mimi ndiye ninayewanyamazisha."

Miezi iliyofuata haikuwa rahisi, na Bi Kimya aliiandika yote kwenye daftari la mistari: tarehe, kipimo, ameamka mara ngapi, ameanguka au la. Robo ya kwanza iliondoka bila mtu kujua. Ya pili ilimfanya mzee kuwa mkali. Aliwatuhumu kwamba wanamnyima dawa ili afe mapema, na siku mbili hakutaka kumwona yeyote kati yao. Wiki ya saba alitetemeka mikono, wakampeleka kwa daktari, kipimo kikasimama pale kwa wiki tatu. Dada alikiri baadaye kwamba katika wiki hizo aliwahi kusimama mbele ya droo na kuivuta nusu. Pakiti hazikuwemo tena, zilikuwa kwa daktari, aliyewapa vya wiki kwa wiki, lakini mkono ulikwenda wenyewe.

Geti walilitia komeo juu, mahali ambapo mzee hakuzoea kutazama. Zulia la ukumbini likaondolewa. Mazoezi aliyapinga mpaka Bi Kimya alipogundua kosa lake: alikuwa akimwita "Baba, njoo ufanye mazoezi." Siku moja akamwambia anataka kujua uwanja wa nyuma una ukubwa gani, kwa kuwa hati zimepotea. Mzee akavaa kofia. Wakatoka saa kumi na moja jioni, akatembea ukuta kwa ukuta akihesabu kwa sauti, naye akamfuata na daftari. Kesho yake mzee akasema vipimo vya jana haviaminiki, lazima virudiwe. Vikarudiwa kila jioni kwa wiki nyingi, na hakuna siku vilipolingana. Alipomaliza kutembea alichoka kweli, na mtu aliyechoka kwa miguu yake mwenyewe hulala, ingawa si usiku wote wala si kila usiku.

Kidonge cha mwisho, robo yake, kilimalizika katika mwezi wa nne wa kupunguza, badala ya wa tatu. Daftari la Bi Kimya lilionyesha kwamba tangu waanze, Baba alikuwa ameanguka mara tatu: mbili mwanzoni, na moja bafuni, alipoteleza kwenye sabuni kama ambavyo mtu yeyote angeteleza. Hakuvunjika. Ulimi ulikuwa umerudi, na ukali wake wote. Mchana alikuwa macho. Usiku bado alitafuta shamba, mara mbili tatu kwa wiki, na kulikuwa na asubuhi ambazo hakukumbuka kwamba mama yao amekufa. Daktari aliandika kwenye kadi jina la ugonjwa wa kusahau, akawaeleza utakavyokwenda, polepole na kwa uwazi. Bi Kimya alitafuta na hilo pia. Alisoma siku tatu. Kisha alimwambia Dada kwamba yapo ya kusaidia kidogo, lakini la kuponya hakuliona, na kwamba ametafuta vizuri.

"Ukisema wewe umetafuta, basi halipo," Dada akasema.

Jumamosi moja Dada alichelewa kurudi kutoka kwenye chumba cha mdogo wake. Kwa kawaida alikuwa mlangoni saa moja asubuhi; siku hiyo ikafika saa nne. Bi Kimya alikuwa ameshamnywesha mzee chai na alikuwa akimkata kucha pale mezani. Dada aliingia na mkoba begani, uso umemvimba upande mmoja kwa alama za mto.

"Jirani yako amenigongea," akasema. "Alidhani kuna mtu amefia ndani. Nimelala tangu saa tatu usiku."

Baba yao akainua macho. Akamtazama vizuri, akamwita kwa jina lake, lile la utotoni ambalo hakulitumia kwa muda mrefu. "Ulisafiri?"

"Ndiyo, Baba."

"Mbali?"

"Mbali kiasi."

"Na njia ilikuwaje?"

"Njia ilikuwa nzuri," Dada akasema. Akaweka mkoba chini, akaosha mikono, akaenda kukaa kwenye cherehani. Kulikuwa na sketi kumi na nne za kutiwa zipu kabla ya Jumatatu.